Matuta ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu nilimjua mgongo muda mrefu kabla ya kumjua uso. Ndivyo ilivyokuwa Nchelenge, upande wa Zambia, kwa mwanaume aliyeoa: yeye na mama wa mke wake hawatazamani, hawasemeshani, hawapishani njiani, mpaka siku ile familia itakapopika na kumwingiza mkwe nyumbani rasmi. Ukipita kwenye kijia cha kwao unakohoa. Akikusikia, anaacha njia, anaingia kwenye majani, anakupa mgongo huku kitenge kimefunika kichwa, hadi upite. Mimi nilikohoa msimu mzima wa mvua, hata jirani mmoja akanishauri niende kliniki.

Wakati huo nilikuwa mchuuzi wa samaki. Nilitoka ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, nikapanga chumba Nchelenge, nikawa nanunua chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani, na kuwavusha kwenda kwetu. Nilijua bei, nilijua kubishana, nilijua kuvaa shati lililopigwa pasi. Jembe sikulijua. Kwetu tulikuwa watu wa soko toka kwa babu, na tulijisifu kwa hilo.

Nilioa binti wa hapo hapo ziwani. Hatukuwa tumemaliza hata mwaka, mwezi wa kumi na mbili ukafika na serikali ikafunga ziwa, kama ilivyofanya kila mwaka ili samaki wazae. Nyavu zikaanikwa, mitumbwi ikapinduliwa, na sisi wachuuzi tukabaki kukaa vibarazani tukisema uongo. Wiki hiyo hiyo mama mkwe alimwita binti yake arudi nyumbani, upande wa kwenda Kafutuma. Siku mbili baadaye akaja shibukombe, yaani mshenga aliyesimamia posa yangu, mtu mnene mwenye kupenda kula, akakaa kwenye kiti changu kizuri.

“Bakwe yako banasema vile,” alianza. “Muke yako atarudia kwako siku utamaliza kulimia mama yake shamba ya muhogo. Njo desturi ya hapa. Kama hauwezi, sema tu, batu baachane muzuri.”

Nikauliza mbona hawakusema toka mwanzo. Akajikuna shingo, akasema kwamba mimi si wa kwanza. Dada mkubwa wa mke wangu aliolewa na mchuuzi mwenzangu kutoka ng'ambo. Yule alilipa vibarua wakalima shamba kubwa kwa siku chache, kila mtu akapiga makofi. Ziwa lilipofunguliwa akavuka na mzigo wake, akasema anarudi Jumapili. Dada yule bado alikuwa kwa mama yake, na mtoto mgongoni.

“Lakini weye usiogope,” shibukombe akanituliza. “Weka batu ba kibarua. Feza uko nayo. Siye tutasema ulilima.”

“Nitalima miye mwenyewe.”

Aliishika mikono yangu, akaigeuza, akaangalia viganja. Halafu akacheka hadi kiti changu kizuri kikalia. “Na hii mikono? Hii ni mikono ya kushika kalkileta!”

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kicheko kile kiliniuma kuliko habari yenyewe. Lakini chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga huo nilikuwa naujua vizuri: nilimpenda mke wangu, na sikutaka awe dada wa pili kukaa kwa mama yake akingoja Jumapili. Usiku huo sikusali sana. Nilijiapia tu kwamba shamba lile litalimwa kwa mikono hii hii, na kwamba hakuna mtu mwingine atakayegusa mpini.

Asubuhi ya kwanza nilifika shambani na viatu. Saa tatu nilikuwa nimevivua. Saa nne malengelenge yalikuwa yamepasuka, na mgongo ulikuwa unaniuliza nilimkosea nini. Wanawake waliopita na masinia ya mihogo kichwani walisimama kabisa, wakashusha mizigo, wakanitazama. Mmoja akanipa pole kwa sauti ambayo haikuwa na pole ndani yake. Nilipiga jembe kwa nguvu kuwaonyesha, likadunda juu ya mzizi likanirudia kwenye ugoko. Walicheka hadi wakaketi chini.

Nikajiwekea sheria moja tu: mstari nikiuanza, siondoki kabla haujaisha. Mvua inyeshe, jua liwake, mikono itoke damu, mstari unaisha. Siku nyingine ulikuwa mstari mmoja tu, nikirudi chumbani natembea nimeinama, nikipaka viganja mawese na kulala bila kula. Siku nyingine nilikaa kwenye mpini nikajisemesha kwa sauti, nikajitukana, nikajibembeleza, kisha nikaumaliza. Hakuna aliyekuwa ananisimamia. Mke wangu alikuja saa sita na bukari, yaani ugali, na chisense, anakaa mbali kidogo, hasemi kama ni pazuri au pabaya. Nilipomuuliza mama yake anasemaje, alijibu: “Mama hajasema kintu.”

Kitu kimoja nilijivunia: usafi. Nilifyeka majani yote, nikayakusanya pembeni, nikayachoma yakawa majivu. Matuta yangu yalikuwa ya udongo mtupu, laini, yamepigwa bapa la jembe hadi yanang'aa. Kwenye uchuuzi, meza yangu sokoni ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote, na nilitaka hata shamba lijulikane kuwa ni langu. Kila jioni nilisimama pembeni nikalitazama. Kusema kweli nilikuwa najipenda.

Basi siku moja, shamba limepita nusu, nafika asubuhi nakuta katikati ya matuta yangu kuna tuta ambalo si langu. Kubwa, la kikorofi, limekaa kama kichuguu, na majani mabichi yametokeza ubavuni. Mtu alikuwa amebomoa tuta langu zuri na kuweka takataka ile. Nikajua ni wale wanawake wa masinia wananichezea. Nikalitawanya kwa jembe, nikatupa majani nje, nikatengeneza upya, laini.

Kesho yake limerudi. Pale pale, na kubwa zaidi.

Nililibomoa tena huku natukana kwa lugha tatu. Mke wangu alipofika na chakula nilikuwa bado natukana. Nikamwambia kuna mshenzi anayeharibu shamba letu, na kwamba nitalala hapa na panga nimkamate. Akatazama mahali nilipoonyesha, akatazama majani niliyotupa, akaweka sahani chini polepole.

“Weye njo ulibomoa?”

“Mara mbili!”

“Ile ni tuta ya mama.”

Sikuelewa. Akanieleza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi. Huku, majani hayachomwi. Yanafyekwa, yanalazwa kwa mafungu, udongo unafunikwa juu yake, yanaoza ndani, na mihogo inakula kile kilichooza. Kila mtoto anajua. Mama yake alipita alfajiri kabla yangu akaona shamba la udongo mtupu. Kusema na mimi haruhusiwi, na kumtuma binti yake aje kunikosoa aliona ni kunivunjia heshima mbele ya mke wangu. Basi akanionyesha kwa tuta moja, akaacha ubavu wazi ili nione majani yaliyomo. Mimi nikalivunja, akaja akaliweka tena, kubwa, akidhani la kwanza sikuliona vizuri.

“Anasema shamba yako ni safi sana,” mke wangu akamalizia. “Safi sawa kiwanja ya kanisa. Sasa anajiuliza muhogo itakula nini.”

Nilitupa jembe. Nikatembea hadi ziwani bila kuaga, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nusu ya shamba, wiki zote zile, ngozi yote ile ya mikono, na mihogo ingesimama pale ikifa njaa kwenye matuta yangu ya kung'aa. Na juu ya hayo nilikuwa nimevunja kazi ya mikono ya mama mkwe, mara mbili, mchana kweupe. Kwa mara ya kwanza nikawaza kweli kweli kuvuka. Kwetu palikuwa paleee, ng'ambo. Nilimwelewa vizuri sana yule mchuuzi wa Jumapili, na kumwelewa kwangu ndiko kulikonitisha.

Nikanyanyuka. Nilipitia kwa shibukombe, nikampa kuku apeleke kwa wakwe kuomba radhi. Alimpeleka, na nikaambiwa kwamba alibaki huko huko kumla pamoja nao. Kisha nikarudi shambani kabla jua halijazama, nikaanza tuta la kwanza upya.

Safari hii sikujitukana. Nilifyeka ukingo wa msitu, nikabeba majani kichwani, nikayalaza, nikayafunika. Matuta yangu yakawa na sura mbaya kama lile la mama. Ila mikono ilikuwa imebadilika bila kunitaarifu. Ngozi ilikuwa ngumu, jembe lilijua lenyewe mahali pa kuanguka, na mstari ambao zamani ulinila siku nzima sasa uliisha kabla ya chakula. Wanawake wa masinia walipita wakanisalimia tu, “Mwapoleni mukwai,” kama wanavyomsalimia mtu yeyote anayelima, wakaenda zao. Salamu ile ilinifurahisha sana, nikaiitikia hadi walipopotea.

Lakini kosa lile lilikuwa limenila muda. Mwezi wa tatu ulifika, ziwa likafunguliwa, na mimi bado nilikuwa na kipande cha mwisho cha kurudia. Asiyefanya biashara ya samaki hawezi kujua maana ya wiki ile. Ufuo mzima unaamka. Malori yanapanga foleni, wenzangu wanavuka kutoka Kongo na marobota ya vitenge, samaki wa kwanza wanagombaniwa kama mkate. Faida ya siku zile ndiyo inayomlisha mchuuzi miezi inayofuata. Nikiwa shambani nilisikia injini za mashua, na kila injini ilinivuta shati.

Shibukombe alikuja mwenyewe, anahema. “Weye uko wazimu? Benzako banajaza mizigo! Enda ku maji. Muhogo haikimbii.”

“Miye pia sikimbii,” nikamjibu.

 Nilidhani atacheka tena, nikajiandaa kukasirika. Hakucheka. Alisema “Bon,” yaani haya, akageuka, akarudi alikotoka. Mimi nikaendelea na mstari. Sitasema kwamba moyo ulikuwa mwepesi. Niliumia kila siku ya wiki ile, na kila siku nilikuwa pale, na mstari ukaisha. Nilipochomeka kipande cha mwisho cha mti wa muhogo ardhini, wenzangu walikuwa wamekwisha kuvuka mara ya pili. Nilinawa mikono mferejini, nikaenda kununua mabaki ya samaki waliokataliwa na wengine.

Mke wangu alirudi kwangu jioni ile, amebeba godoro kichwani.

Kumwingiza mkwe nyumbani huweza kuchukua miaka. Kwangu hakikufika hata kiangazi. Mihogo ilipofika magotini, mimi nikiwa naipalilia kila nipatapo nafasi kutoka ziwani, familia ikatuma neno kwamba wamepika. Shibukombe alinitangulia, amevaa koti, njaa inamwonekana usoni. Wakanikalisha mkekani, macho chini kama nilivyoelekezwa. Nikasikia hatua, nikaona miguu, nikaona ncha ya kitenge. Mtu akaketi mbele yangu. Wakaniambia sasa unaweza kutazama.

Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani, mwenye macho ya mke wangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya shukrani kwa Kibemba, nimeyakariri siku kadhaa, yote yakanitoka. Nyuma yake alisimama yule dada mkubwa na mtoto wake. Mama mkwe alinitazama muda mrefu, bila haraka, usoni, kisha mikononi. Hata shibukombe aliacha kutafuna. Halafu mama mkwe akasema na mimi kwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili cha biashara alichojifunza akiuza samaki kwa watu wa kwetu:

“Mistari yako iko mbaya. Mwaka yenye kuya utalima kule chini, udongo ni muzuri.”

Niliitikia “ndiyo, mama” kwa heshima. Dada mkubwa, ambaye mchuuzi wake hakuufikia mwaka wa pili, ndiye aliyeanza kulia, na alipoanza, nami nikalia mbele ya wakwe zangu wote, bila aibu, nikitikisa kichwa kukubali.