Maziwa ya Ildefonsa

Mjukuu wa Ildefonsa alipofariki kwa kuhara, kijiji kizima cha Mugoma kilikwisha kumjua mchawi: Frida, mjane wa jirani, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuishi peke yake. Ildefonsa naye aliamini. Mwezi uliofuata Philbert, bwana mifugo, alileta majibu ya maabara ya sampuli zilizochukuliwa kwa mtoto na kwa ng'ombe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wamemwona Frida humo?”

“Wamesoma vinasaba vya bakteria, bibi. Wale wa choo cha mtoto na wale wa kinyesi cha ng'ombe wako ni ukoo mmoja. Maziwa mlikuwa mnachemsha?”

“Nichemshe, ng'ombe akauke?” Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: maziwa yakichemshwa, ng'ombe huacha kutoa.

Jumapili, baada ya misa, alisimama mbele ya watu wote akasema, “Frida hana kosa. Maziwa nilimnywesha mimi.”