Plau ya Mzee Athanasi

Tangu baba yao afariki, Kabula na Mahona, ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, walikuwa wakigombea kibanda cha uhunzi pale Ngulyati. Kazi aliachiwa Kabula. Mahona alikwenda Kasoli kununua pamba, ikamshinda, akarudi na jeuri yake yote.

"Mwanamke na kufua chuma, wapi na wapi?" alikuwa akisema mbele ya wateja.

Asubuhi moja, mzee Athanasi alileta jembe la plau lichongwe ncha. Mahona akampokonya Kabula koleo, akalitumbukiza jembe kwenye makaa na kuzungusha feni ya kupulizia moto kwa fujo. Chuma kikawa chekundu, kikawa cha njano, magamba meusi yakaanza kubanduka.

"Litoe! Hewa ya moto inalila," Kabula alisema. "Kila gamba ni chuma kinachopotea."

"Nyamaza wewe!"

Jembe likawa jeupe, likarusha cheche kama fataki. Lilipopigwa nyundo, ncha ilisambaratika kama kigae.

Mahona aliwageukia wateja waliokuwa wakingoja. "Mmeona? Ameliloga! Ndivyo alivyommaliza na baba."

Kabula alimfahamu mama mmoja aliyechomewa nyumba kwa neno hilohilo. Hakulia. Alichomeka kipande cha springi ya lori kwenye makaa, akavuka barabara na kusimama mbali.

"Mzee, zungusha wewe mwenyewe," alipaza sauti. "Usikitoe mpaka kiwe cheupe."

Athanasi alizungusha, jasho likimtiririka. Magamba yakabanduka, cheche zikaruka. Akakipiga nyundo, kikapasuka.

"Mahona," mzee alisema akihema, "na mimi ni mchawi?"

Watu wakacheka. Mahona hakucheka. Alibeba fuawe ya baba yao, lile pande la chuma la kufulia, akaifunga kwenye pikipiki na kuondoka. Kabula hakumzuia; alitaka aende, hata kama angebeba kibanda kizima.

Alimfulia Athanasi jembe jipya juu ya ekseli ya lori, badala ya fuawe iliyochukuliwa. Mzee alilipokea bila asante. Wateja wengine hawakurudi. Kicheko cha siku ile hakikuwatoa hofu.

Siku za mnada Bariadi ndugu hao hupishana bila salamu. Mahona hutema mate chini. Kabula humkazia macho mpaka apite.