Kaya Saba Ndani ya Nyumba Moja

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema kompyuta haikosei, natamani kumzaba kofi.

Miaka ya tisini nilikuwa karani kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, nje ya mji wa Mpanda. Kila mwisho wa mwezi nilinakili orodha yetu ya kaya kwenye disketi, nikapanda baiskeli hadi ofisi ya mjini, nao wakaiingiza kwenye kompyuta yao. Programu yetu iliwapanga watu kwa nyumba wanazolala. Ya mjini iliwapanga kwa jina la ukoo. Sasa Warundi wale kila mtoto walimpa jina lake mwenyewe, si la baba. Basi nyumba moja ya watu saba ikifika mjini inakuwa kaya saba. Mtoto anayenyonya anaitwa mkuu wa kaya!

Nilikaa pale mjini nikasahihisha jina moja moja, macho yananiwasha. Mwezi uliofuata disketi mpya ikafuta kazi yangu yote. Nilitwanga maji kwenye kinu karibu mwaka mzima. Nilipomlalamikia bosi wa mjini alinijibu, "Si uwaambie nao wawe na majina kama watu?"

Kama watu! Nilimchukia tangu siku ile.

Kisha akaja mama mmoja na bintiye wa miaka minne aliyevimba uso na miguu. Alihitaji kibali cha kutoka makazini ampeleke hospitali Tabora. Nikaongozana naye hadi mjini. Bosi akatazama kompyuta yake.

"Huyu mtoto si wako. Kaya yake nyingine kabisa."

Mama akapiga magoti. Nikaeleza, nikafoka, nikatolewa nje. Treni ya siku ile ikaondoka, na nyingine ilikuwa baada ya siku tatu.

Nilirudi makazini kwenye mashine yangu. Nikafuta jina la binti, mahali pake nikaandika la baba yake, mama naye nikamwongezea hilo hilo kama la ukoo, nikapeleka disketi. Kibali kikatoka bila swali hata moja.

Mama alikisoma taratibu. "Kaka, hili jina ni la mume wangu. La mwanangu liko wapi?"

"Nenda tu, mama. Tutalirudisha ukija."

Alirudi peke yake. Mtoto alifia Tabora, na waliomzika waliandika msalabani jina la kwenye kibali. Lile alilopewa alipozaliwa halipo popote. Bosi hakuligusa. Nililifuta mimi.