Kisanduku Kilichojua Saa ya Resho

Dada yangu mkubwa aliitamani baraza yetu kama wengine wanavyotamani ndoa. Alitaka kuweka pale meza ya kutengeneza redio na pasi za mtaa mzima. Lakini baraza ilijaa maua ya maman, mama yetu, kila ua katika kopo lake, na maman alitoa sharti moja: "Kwanza tengeneza kintu ya kulinda frigo yangu."

Huku Bukavu, jioni, nyumba zote za mteremko wetu zinawasha resho, majiko ya umeme, kupika ugali. Umeme unadhoofika mpaka taa zinapata rangi ya chai. Frigo yetu ya kwanza, jokofu la kuhifadhia chakula, ilifia katika saa hiyo, ikiguna kama mgonjwa. Tangu siku ile maman alikuwa akichomoa waya kwa mkono wake kila jioni saa kumi na mbili, na kuurudisha mtaa ukimaliza kupika.

Yaya, ndivyo ninavyomwita dada, alijenga kisanduku chake ndani ya kopo la plastiki la majarini. Transfoma ya kupunguza umeme wa ukutani hakuwa nayo, na isingeenea. Alitumia kondensateri, kitu kidogo kama kidole gumba. Kinaruhusu umeme kiasi tu kupita, unaotosha kuvuta relei, swichi ya sumaku. Relei ikivutwa inalia tak! na kufungulia frigo njia. Kipimo cha kukata umeme dhaifu angekiongeza baadaye. Niliposogeza mkono, akaupiga kofi.

"Humo ndani ni courant ya ukuta! Gusa kifuniko tu."

Asubuhi kisanduku kilikubali. Tak! Yaya akacheza jikoni. Jioni maman alimwita jirani aje ashuhudie. Yaya akaunga frigo kwenye kisanduku, akachomeka waya ukutani. Kimya.

"Kintu yako imelala," jirani akasema. "Ao inangoja baraka ya padiri?"

Nilicheka. Yaya hakucheka. Alichomoa, akachomeka tena. Kimya. Akapima umeme wa ukutani: volti mia moja hamsini. Hesabu zake zote alizifanya kwa mia mbili ishirini, kama walivyomfundisha chuoni.

"Kondensateri inapitisha kwa kadiri ya kinachokuja," alisema, na sauti ilianza kulowa. "Kikija kidogo, kinapita kidogo, relei inakosa nguvu. Maman, unipe siku mbili. Nitaongeza kondensateri ya pili, itavuta hata saa hii."

Maman alikuwa ameweka sikio kwenye frigo.

"Usiiguse kintu yako! Saa hii batu bote beko napika. Nani anachomoaka frigo saa hii?"

"Ni weye, maman."

"Basi. Leo mikono yangu imepumzika."

Tukala ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, jirani pia. Yaya alisahau kumeza, macho yake kwenye kopo. Resho za mteremko zilizimwa moja moja, na taa yetu ikaacha rangi ya chai, ikawa nyeupe kama maziwa.

Tak!

Frigo ikaanza kuimba taratibu. Jirani akaangusha sambaza yake.

"Padiri amefika," maman akamwambia.

Asubuhi nilimkuta maman barazani, ameinama, anasukuma makopo ya maua upande mmoja. Kopo la mwisho alilisimamisha katikati kabisa, akamtazama Yaya aliyekuwa tayari amebeba meza kichwani.

"Hapa ndiyo Ruzizi, mto wa mpaka," alisema. "Meza yako isivuke."