Tone Huombwa Kama Moto

Nakumbuka Jumatatu ya tarehe 6 Agosti, mwaka 1951. Kilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limetanda juu ya mapaa ya Elisabethville, jina ambalo Lubumbashi yetu ilibebeshwa wakati huo. Nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwanangu, tarehe nazitaja kwa makusudi. Aliyeingia darasani akiwa na miaka kumi na saba hapotezi kitu alichokiandika. Marehemu mume wangu alinitania kwamba ningeweza kumsahihisha hata padri, na kweli hakuwahi kunikuta nimekosea.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na mashimo yaliyoachwa na wafyatua matofali. Maji yalituama humo mwaka mzima, na watoto waliugua homa. Dada yangu Ngoie alikwisha kuzika mmoja. Wa pili, Kalumba, mwenye miezi minane, alikuwa ameanza kutetemeka. Ndipo alipokuja daktari mgeni. Alitaka tone la damu la kila mtoto wa mtaa, apate kuwathibitishia wakubwa wa mji kwamba homa inatoka mashimoni, ili yafukiwe kabla ya mvua. Alihitaji mkalimani. Nikajitokeza mimi na Kifaransa changu cha miaka miwili, shingo juu kama korongo.

Akina mama walikusanyika uwanjani. Daktari akaeleza kwamba atawachoma watoto kidogo kwenye kidole. Nikatafuta neno. Bibi yangu, alipotoboa jipu, alisema analitumbula. Basi nikapaza sauti:

"Docta atatumbula batoto! Kidogo tu!"

Wewe unacheka. Siku zile batumbula walikuwa watu wa uvumi, waliosemekana kuwakamata wapita njia na kuwapasua, na hakuna mama aliyelitamka jina lao bila kumvuta mtoto kifuani. Kufumba na kufumbua, uwanja ukawa mtupu. Kilibaki kitambaa kimoja cha kichwa mavumbini, na daktari aliyeniuliza nimewaambia nini.

Alibaki pia Mama Mwape, muuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Magoti yake hayakujua kukimbia. Alicheka hadi machozi, kisha uso wake ukabadilika.

"Weye mutoto, Kifaransa unajua. Bantu, unabajua?"

"Mama, niliwaambia ukweli."

"Ukweli! Hata simba anasema ukweli akisema iko na njaa." Akaniketisha karibu na mitungi yake. "Moto ukizimika kwako, unaingia kwa jirani na kubeba kaa?"

"Hapana, Mama. Ninaomba."

"Na kisha?"

"Nikishapika, ninarudi kumwambia chungu kimeiva."

"Basi. Damu iko moto ya mwili. Muombe. Na huyu docta wako arudi mulango kwa mulango kusema chungu kimeiva. Akikatala kurudi, yeye ndiye mutumbula."

Nilimtafsiria daktari kila neno, uso umeniwaka kwa aibu. Akavua kofia, akaketi chini mavumbini, akachoma kidole chake mwenyewe mbele ya yule mama. Mama Mwape akanyoosha chake. Daktari akaliweka tone lake chini ya hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo, na yule mama akainama kutazama.

"Eh, Mungu wangu," alisema polepole. "Ndani yangu kuko kijiji."

Nikatazama nami. Mwanangu, nimeishi miaka mingi, lakini sijapata neno la kile nilichokiona. Tone lililotoka katika kidole kilichopasuka kwa kazi lilikuwa limejaa viduara visivyohesabika, vimetulia katika mwanga kama shanga za malkia. Nami nilikuwa nimebeba utajiri huo tangu kuzaliwa, nikijiona msomi kwa sababu ya vitenzi vichache vya Kifaransa!

Kuanzia siku hiyo tulipita nyumba kwa nyumba, Mama Mwape mbele na fimbo yake. "Tumekuja kuomba tone," nilisema, mikono miwili wazi. Ngoie ndiye aliyemleta mtoto wa kwanza. Daktari alirudi kila mlango kueleza alichokiona. Kalumba akapewa dawa, akaacha kutetemeka. Na karatasi yenye majibu ya damu ilipopelekwa kwa wakubwa, akina mama waliifuata kwa miguu hadi ofisini.

Mwanangu, kesho utatumwa na wenye elimu kupima maji ya watu, udongo wao, au damu yao. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kabla hujalitumia neno, uliza limewahi kumtisha nani. Omba, usichukue, na ukishapewa, rudi. Elimu isiyorudi mlangoni ilikoombwa ni kaa la kuiba, nalo huunguza nyumba ya mwizi.

Jumatano, tarehe 17 Oktoba 1951, mawingu ya kwanza yalikuwa yamekaa juu ya mji. Ofisa alisimama ukingoni mwa mashimo, akasoma kwa Kifaransa amri ndefu yenye muhuri: yafukiwe yote, kazi ianze siku hiyo. Akanigeukia nitafsiri. Mtaa mzima ukanitazama mdomoni. Nikavuta pumzi.

"Bamama," nikasema, "chungu kimeiva."

Vigelegele vilifunika sauti ya majembe. Mama Mwape akaweka kiganja juu ya kichwa changu, akanibariki kwa maneno ninayoyaweka leo juu ya chako: "Mungu akupe ulimi wa kuomba na miguu ya kurudi, na hakuna mulango utafungwa mbele yako."