Kunguru wa Alhamisi

Siku mlizamu wa maji ya mvua ulipozibuliwa tulikuwapo darini, juu ya paa bapa la nyumba: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, mdogo wetu wa kiume ambaye ndiye kitindamimba, Bibi mwenye nyumba, na fundi wa chokaa aliyetoka mitaa ya Ng'ambo. Na kunguru. Walikuwa wamejipanga juu ya ukuta wa jirani, kimya, na kunguru akinyamaza mtu hugeuka kuangalia nyuma yake.

Nyumba ilikuwa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro kinachopata jua adhuhuri tu. Bibi alikuwa mjane wa asili ya Kiarabu. Watu wake walikuwa na mashamba zamani; yeye alibakiwa na nyumba hiyo. Mama yetu alikuwa akimpikia na kumfulia. Baba alitangulia, na mama alipomfuata, mjomba alikuja kutoka Tumbatu akasema atamchukua mdogo wa kiume. Shangazi wa Ng'ambo akasema atamchukua wa kike. Mimi, niliyekwisha kuacha shule ili nimuuguze mama, hakuna aliyesema niende wapi. Bibi akawakatiza.

"Watakaa hapa hapa, chumba cha chini, wote watatu. Lakini wasiniachie kunguru wakajenga darini."

Asiyeishi nyumba ya mawe na chokaa anaweza kucheka. Kunguru wa mjini hajengi kwa vijiti peke yake. Huokota nyaya, vibanio vya nguo, vipande vya kamba, akavishindilia ndani ya mlizamu, lile kopo refu la bati linalotema maji ya mvua nje ya ukuta. Masika ikija, maji hukosa pa kutokea. Husimama darini, huingia kwenye boriti, kisha hushuka ndani ya ukuta taratibu, na ukuta wa chokaa ukishakunywa maji hauagi. Nyumba ya mtaa wa pili ilianguka tukiwa tunakula. Tulisikia kama gunia kubwa limetupwa, kisha vumbi, kisha watu wakiitana majina.

Basi kila asubuhi, kabla sijakwenda Mbweni kufagia vyumba vya wageni, nilipanda darini. Nilifunga wavu mkuukuu wa samaki juu ya tundu la maji. Nilichomeka miba ya mlimau juu ya ukuta. Nilitoa utepe ndani ya kaseti zilizoharibika, nikautandaza kutoka pembe hadi pembe. Upepo ukivuma ulimeremeta na kulia kama mtu anayeguna usingizini. Mdogo wangu wa kike hakuupenda mlio ule. Kunguru nao walikaa mbali, lakini siku chache tu.

Kisha wakanijua. Nilipotoka mlangoni mmoja aliita, wengine wakaitikia, wakanifuata juu ya mapaa mpaka barabarani. Watu wengine walipita kichochoroni bila kuguswa.

"Dada, maharusi wako wanakusindikiza," mdogo wangu wa kiume alinitania.

"Mahari yao nini?" akauliza dada yake. "Vibanio vyetu?"

Walicheka. Mimi niliharakisha hatua.

Kilichonishinda kuelewa ni kwa nini waliongezeka. Taka zilikuwa sokoni, samaki walikuwa ufukweni, lakini wao walirudi juu ya vichwa vyetu. Hata Alhamisi moja maji yakakatika kule Mbweni, tukaruhusiwa mapema. Nilifika baada ya Alasiri, nikapanda moja kwa moja. Bibi alikuwa amesimama ukutani na sahani, anamwaga wali. Kunguru walikuwa wamemzunguka miguuni, wametulia kama paka wa nyumbani. Waliponiona mimi wakaruka wote pamoja, na kelele zao zikajaa kichochoro.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umewatisha."

"Bibi, kumbe wewe ndiye unayewalisha?"

"Naam. Sadaka ya mama yako. Tangu arubaini yake, kila Alhamisi. Nyinyi hamna cha kumtolea, namtolea mie."

"Lakini si ulisema tuwafukuze?"

"N'lisema wasijenge. Sikusema wasile." Akafuta sahani kwa vidole. "Mwanzo walikuja njiwa. Wakaja hawa, njiwa wakakimbia. N'tamfukuza anayekula sadaka ya maiti?"

Nilishuka nikakaa kitandani mwa mama. Nisingeweza kumwambia asimtolee mama yangu sadaka.

Masika ilipoanza, mdogo wangu wa kike aligusa ukuta wa ngazi akasema, "Dada, ukuta unatoka jasho." Ulinuka chumvi. Nilipanda mbio, wavu wangu ulikuwa mzima, ila maji yalinifika vifundoni. Asubuhi Bibi akamwita fundi.

Fundi alilala kifudifudi juu ya ukuta, akapitisha mkono upande wa kichochoro. Kunguru waliingilia huko, kwenye mdomo wa nje. Akavuta kwa ndoano. Kilichotoka kilikuwa kiota cha nyaya, na ndani yake miba yangu ya mlimau, na utepe wangu wa kaseti umezungushwa vizuri, laini, kwa ajili ya makinda.

"Mafundi hawa," akasema. "Na vifaa umewaletea mwenyewe, dada'angu."

Maji yakabubujika kichochoroni, mekundu kwa udongo wa ukuta. Fundi akashuka chumbani kwa Bibi, akagonga boriti, akarudi akiwa amebadilika uso.

"Chini pamesalimika. Lakini chumbani kwa Bibi asilale mtu, hata leo. Na hawa wakiziba tena, mimi msiniite na chokaa. Niiteni na sepetu."

Jioni ile binti wa Bibi alikuja kumchukua mama yake, akamhamishia kwake Mbweni. Tukiagana mlangoni, Bibi alinishika mkono.

"Ile Alhamisi, mwanangu."

"Naam, Bibi."

"Ya mama yako. Na mie n'kishaondoka, yangu. Pale pale darini, walipozoea."

"Naam," nikaitikia tena.

Hakuiona masika iliyofuata.

Wadogo zangu hawakwenda Tumbatu wala kwa shangazi. Wamekulia chumba kile, na hadi leo ninapoandika haya bado wanalala humo. Mara nyingine nimepeleka wali kwa watoto wa chuo cha Kurani. Wamekula, wameomba dua. Lakini sivyo nilivyomwitikia Bibi.

Kila Alhamisi baada ya Alasiri kunguru huja. Hujipanga ukutani, kimya, wakinitazama mikono. Mimi hupanda na sahani, hutazama mlizamu, huwasikia wadogo zangu wakizungumza chini. Kisha hushuka na wali wangu.