Mimi Nilitafsiri Tu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mkalimani katika kanisa letu dogo la mtaa wa Musaga. Mhubiri akisema sentensi kwa Kiswahili, mimi naidaka na kuitoa kwa Kirundi. Akiruka, naruka, akilia, nalia. Kina mama walinisifu, na mimi, mjinga wa watu, sifa zile zilinilevya.

Siku hiyo alikuja mhubiri mgeni. Alisoma habari za mfalme Asa, aliyeugua miguu akawatafuta waganga badala ya Bwana, akafa. Akafunga Biblia, akatangaza kwamba Mkristo anayetumia dawa amemkana Mungu. Nililelewa katika Maandiko. Nilijua kwamba Hezekia alipougua, nabii mwenyewe aliagiza tini zibandikwe kwenye jipu lake. Lakini watu walikuwa wakinisubiri. Nikatafsiri, tena kwa sauti kubwa kuliko yake.

Katika safu ya tatu aliketi mdogo wangu Yustina, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi alijichoma sindano.

Baada ya ibada mzee wa kanisa aliyeitwa Zakaria, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, alinishika mkono.

"Mwana wangu, ile sura umeisoma yote? Asa alimuacha Mungu kwanza, ndiyo kosa yake. Dawa ni kitu ingine."

"Mzee, mi natafsiri tu," nikamjibu, nikaenda zangu. Kiburi kile kinanichoma mpaka leo.

Siku ya tatu nilimkuta Yustina kitandani, midomo imekauka, anahema kama aliyetoka mbio. Hakuwa amegusa sindano tangu Jumapili. Nikamsihi ajichome.

"Apana, kaka," akasema. "Jumapili ulisema mbele ya watu wote ni zambi. Siku gani ulisema uongo, ile ao leo?"

Nikambeba hadi barabarani kutafuta gari, lakini alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Kwenye mazishi mhubiri yule alisimama kando ya kaburi, akasema marehemu alipungukiwa na imani. Kisha akanigeukia, anangoja Kirundi. Mama yetu, ambaye hakujua Kiswahili na hakuwapo kanisani Jumapili ile, akanivuta shati akaniuliza, "Avuze iki?" Amesema nini? Sikumtafsiria hata neno moja, na Mzee Zakaria akaanza kuomba. Mama naye alifariki miaka mingi baadaye, bila mimi kumwambia kilichosemwa pale, wala kilichomfanya binti yake aache sindano.

Mwanangu, sisemi Mungu haponyi. Anaponya, nimeona kwa macho yangu. Nakusihi tu, fundisho likikujia, liwe la madhabahuni au la kwenye simu yako, usilipokee kwa sababu msemaji analia vizuri. Fungua Biblia, soma sura nzima, na sura ya kabla yake. Angalia kama Maandiko mengine yanakubaliana nalo. Waulize wanaomcha Bwana tangu hujazaliwa, na wakikukemea usiwajibu nilivyojibu mimi. Halafu, ukishajua kwamba neno fulani halimo, usilipitishe kinywani mwako, hata kanisa zima likikutazama. Utaona aibu kwa muda, kisha aibu itaisha. Mimi nilijua, nikatafsiri. Yule mhubiri aliondoka wiki ileile na sijamwona tena, lakini Kirundi kile kilikuwa changu.

Bwana akulinde, mwanangu. Akupe moyo wa kupima kila neno na ujasiri wa kulikataa. Na akujalie uzee usio na jina linalokutoa machozi kila ukilitaja.